Kupima Kupanuka kwa Mji kwa Picha za Setilaiti: Maana ya Takwimu za Eneo katika Jiji la Dar es Salaam na Viunga Vyake

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Idadi hizo zilipatikana kwa makarani kupita nyumba kwa nyumba na kupiga hodi. Ukubwa wa ardhi iliyojengwa haukuwahi kupatikana kwa njia ya namna hiyo. Hakuna karani anayeuzunguka mji kwa kamba ili aseme umefika wapi mwaka huu. Kazi hiyo imeachiwa picha za setilaiti, na tangu mwaka 2008, hifadhi ya picha za Landsat ilipofunguliwa kwa watu wote bila malipo, mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta na bando la intaneti anaweza kutoa ramani ya mji kwa miaka anayoitaka.

Urahisi huo umezaa tasnifu nyingi zinazofanana kwa umbo: picha tatu au nne za miaka tofauti, ramani zenye rangi nyekundu inayotanuka, na jedwali linaloonesha kilomita za mraba ngapi za mashamba na misitu zimegeuka kuwa mji. Makala haya yanaeleza jinsi takwimu za jedwali hilo zinavyopatikana. Hoja yake kuu ni kwamba kuhesabu pikseli zilizopakwa rangi ya mji hakujawa bado kupima. Takwimu ya eneo huwa kipimo pale tu inapoambatana na fasili ya kile kilichohesabiwa, mpaka uliotumika, na kiasi cha kosa lililomo. Jambo hili si la kitaaluma tu. Takwimu hizo hunukuliwa katika mipango ya maji, barabara na hifadhi ya mabonde, na palipoandikwa “uoto” katika ramani huenda kuna kaya ambayo haitahesabiwa pale bomba la maji litakapopangiwa njia.

2.0 Kile ambacho setilaiti huona

Setilaiti ya aina ya Landsat haioni nyumba. Hupima mwanga wa jua unaoakisiwa na uso wa dunia katika mawimbi kadhaa, yakiwamo yale ambayo jicho la mwanadamu haliyaoni. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi miale ya infraredi ya karibu. Maji hufyonza karibu miale yote ya infraredi. Udongo mkavu, saruji na bati huakisi kwa wingi miale ya infraredi ya mawimbi mafupi. Kipimo cha uoto kinachotumika zaidi hutokana na tofauti hizo: thamani ya wimbi jekundu hutolewa katika ile ya infraredi ya karibu, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya thamani hizo mbili. Mwaka 2003 Zha na wenzake, wakiutafiti mji wa Nanjing nchini China, walipendekeza kipimo cha majengo kinachofuata mantiki hiyohiyo, lakini kwa kutumia infraredi ya mawimbi mafupi na infraredi ya karibu.

Kipimo cha Nanjing kikiletwa Dar es Salaam bila kuhakikiwa huleta mkanganyiko. Machimbo ya mawe ya Kunduchi, mashamba ya chumvi yaliyo karibu nayo, machimbo ya chokaa ya Wazo na mchanga wa ufukweni huweza kusomeka kama majengo. Kinyume chake, nyumba yenye bati lililoshika kutu, iliyozungukwa na miembe na minazi, husomeka kama shamba au kichaka. Matokeo yake, ramani huongeza mji mahali asipoishi mtu na kuupunguza mahali ambapo watu wamejenga.

Kuna tatizo la ndani zaidi, ambalo algorithimu yoyote, hata iwe ya kisasa kiasi gani, hailiondoi. Setilaiti huona kile kinachoifunika ardhi. Haioni ardhi hiyo inatumiwaje. Tofauti hii hutajwa katika sura ya kwanza ya tasnifu nyingi na kusahaulika katika sura ya nne. Katika kuhakiki pointi za sampuli kwenye viunga vya jiji, mwandishi wa makala haya alifika mahali ambapo picha ilionesha mihogo, na mihogo kweli ilikuwapo. Lakini katikati ya matuta kulikuwa na bikoni za saruji, na mzee aliyekuwa akipalilia alieleza kwa utulivu: “Hili si shamba tena, mwanangu. Hivi ni viwanja vya watu. Mimi nimeombwa nilime ili pasiote pori.” Kwa kigezo cha kifuniko cha ardhi, ramani ilikuwa sahihi. Kwa kigezo cha matumizi, ardhi ile ilikuwa imekwishaingia mjini tangu siku ilipokatwa viwanja na kuuzwa. Kwa hiyo mtafiti anayeandika kwamba “matumizi ya ardhi yalibadilika kati ya mwaka 2010 na 2020”, hali amepima kifuniko tu, anatoa tarehe za paa, si tarehe za mauzo. Kwa mchumi au mwanasheria wa ardhi, kipindi kilichopo kati ya tarehe hizo mbili ndicho chenye habari.

3.0 Pikseli moja na viwanja viwili

Pikseli ya Landsat katika mawimbi mengi yanayotumika kwa kazi hii ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukubwa usio wa ajabu katika viunga vya jiji: ni mita za mraba 400. Pikseli moja hubeba viwanja viwili vya aina hiyo na kubakiza nafasi ya njia. Ikiwa kila kiwanja kina nyumba yenye paa la mita za mraba 100, mabati yote yaliyomo katika pikseli ni mita za mraba 200, sawa na asilimia 22. Asilimia 78 inayobaki ni mchanga, ua wa michongoma, mpapai na mwembe. Kompyuta inayotakiwa kuipa pikseli hiyo jina moja tu itafuata wengi wao, na mwembe utashinda.

Hali hii haijitokezi kwa usawa katika jiji zima. Katika mitaa iliyobanana kama Manzese na Tandale, paa hugusana na paa na pikseli haina shaka. Mkanganyiko hutokea pembezoni, mahali ambapo kaya hujenga kidogokidogo: leo msingi, mwakani ukuta, bati baada ya miaka mitatu. Yaani kosa huwa kubwa zaidi palepale ambapo mji unapanuka, na ndipo mtafiti alipokusudia kupima. Picha za Sentinel-2, setilaiti ambayo ya kwanza yake ilirushwa mwezi Juni 2015, zina pikseli za mita 10 katika mawimbi manne na hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo haziwezi kurudi nyuma na kuuonesha mji wa mwaka 1995.

Hapo ndipo penye mtego kwa anayetafuta kipindi kirefu. Landsat ya kwanza ilirushwa mwezi Julai 1972, na kihisi chake kilikuwa na pikseli za takribani mita 80, zaidi ya mita za mraba 6,000, zinazotosha viwanja kumi na vitano vya mfano wetu. Anayelinganisha ramani ya miaka ya 1970 iliyotokana na kihisi hicho na ramani ya Sentinel-2 ya mwaka 2020 hupata upanuzi mkubwa wa mji, na sehemu ya upanuzi huo ni wa kihisi. Nyumba zilizotawanyika ambazo picha ya kwanza haikuweza kuzitenga, ya pili inazitenga, na jedwali linaziandika kuwa zimejengwa katikati ya miaka hiyo. Njia ya uangalifu ni kuishusha picha yenye pikseli ndogo hadi ifanane na ile kubwa kabla ya kulinganisha, au kukiri waziwazi kwamba miaka ya 1970 haiingii katika mfululizo mmoja na miaka ya karibuni.

4.0 Hifadhi ya picha na misimu

Landsat hupita mahali palepale kila baada ya siku 16, hivyo mtu angetarajia picha zaidi ya ishirini kwa mwaka kutoka kwa setilaiti moja. Kwa pwani ya Afrika Mashariki matarajio hayo hayatimii. Mawingu ya masika na vuli huziba sehemu kubwa ya picha. Picha za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni haba pia kwa sababu ya mpangilio wa upokeaji wa data wa wakati huo, ambao uliacha maeneo mengi ya Afrika bila kumbukumbu za mfululizo. Landsat 7 nayo, iliyorushwa mwaka 1999, ilipata hitilafu tarehe 31 Mei 2003 katika kifaa cha kusahihisha mistari yake ya upigaji picha, na tangu siku hiyo kila picha yake ilikosa takribani asilimia 22 ya eneo, ikiwa na mistari mitupu inayopanuka kuelekea kingoni.

Kwa hiyo watafiti hukimbilia picha za Juni hadi Septemba, miezi ya anga safi. Miezi hiyohiyo ndiyo ya ukavu: nyasi zimekufa, mashamba yamevunwa, na udongo uliobaki wazi huakisi mwanga kwa namna inayokaribiana sana na ya paa na saruji. Picha zilizo safi zaidi kwa jicho ndizo zenye utata zaidi kwa uainishaji. Kama picha ya mwaka wa kwanza ni ya Juni, mara tu baada ya mvua, na ya mwaka wa mwisho ni ya Septemba, kiangazi kinaweza kuhesabiwa kuwa ni ujenzi. Suluhisho linalofanya kazi ni kutumia picha zote za mwaka badala ya moja. Paa hubaki paa mwaka mzima, ilhali shamba huwa kijani kisha likawa kahawia. Kiasi cha kubadilika kwa pikseli ndani ya mwaka mmoja hutenganisha udongo na bati vizuri kuliko thamani ya siku yoyote moja. Leo hili linawezekana bila kompyuta ya gharama, kwa kuwa hesabu zenyewe hufanyika katika seva za mbali. Mtahini ana haki ya kuuliza kwa nini tasnifu ya sasa bado inategemea picha ya siku moja kwa kila mwongo.

5.0 Kutoka hesabu ya pikseli hadi makadirio ya eneo

Utaratibu uliozoeleka ni kuainisha picha ya kila mwaka peke yake, kisha kutoa ramani moja katika nyingine. Ikiwa kila ramani ina usahihi wa asilimia 85, kiwango ambacho tasnifu nyingi hukichukulia kuwa kinatosha, na makosa ya ramani hizo hayahusiani, ramani ya mabadiliko inayozaliwa nazo itakuwa na usahihi wa takribani asilimia 72, kwa kuwa makosa ya pande zote mbili huingia humo. Hata hivyo asilimia ya usahihi wa jumla si ndiyo inayopaswa kumtia mtahini wasiwasi zaidi. Linalomhusu ni upande ambao makosa yameelemea.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, wenye namba zilizochaguliwa ili hesabu ifuatiliwe kwa urahisi. Tuseme eneo la utafiti ni kilomita za mraba 1,400. Ramani ya mabadiliko inasema kilomita za mraba 100 zimegeuka kuwa mji na 1,300 hazikugeuka. Mtafiti anachagua kwa nasibu pointi 100 ndani ya tabaka lililogeuka na pointi 400 ndani ya tabaka lisilogeuka, kisha anahakiki kila pointi kwa picha zenye pikseli ndogo sana na kwa kufika mwenyewe. Katika pointi 100 za tabaka la kwanza, 82 zimegeuka kweli. 18 ni kosa la kuongeza. Katika pointi 400 za tabaka la pili, 388 hazikugeuka kweli, lakini 12 zimegeuka na ramani haikuziona. Hilo ni kosa la kuacha.

Kwa kuzipa pointi uzito wa matabaka yake, usahihi wa jumla ni asilimia 96. Tasnifu nyingi zingeishia hapo na kuandika kwamba mji umeongezeka kwa kilomita za mraba 100. Sasa tuangalie eneo lenyewe. Katika tabaka la kwanza, asilimia 82 ya kilomita za mraba 100 ni 82. Katika tabaka la pili, pointi 12 kati ya 400 ni asilimia 3, na asilimia 3 ya kilomita za mraba 1,300 ni 39. Makadirio yaliyosahihishwa ni 82 kujumlisha 39, yaani kilomita za mraba 121. Ramani yenye usahihi wa asilimia 96 imeacha karibu theluthi moja ya upanuzi wote wa mji: kati ya kilomita 121 za mraba zilizogeuka kweli, imezikamata 82 tu.

Sababu ni rahisi kuieleza, ingawa husahaulika. Sehemu isiyogeuka ni kubwa mno, hivyo kosa dogo la asilimia ndani yake huwa eneo kubwa ardhini. Kila pointi moja iliyokosewa katika tabaka lile kubwa inawakilisha kilomita za mraba 3.25. Kwa sababu hiyohiyo makadirio hayana budi kuambatana na kiwango cha uhakika. Kwa kanuni ya sampuli ya matabaka, kosa sanifu la mfano huu ni takribani kilomita za mraba 11.8, na kwa uhakika wa asilimia 95 jibu ni kilomita za mraba 121, kuongeza au kupunguza 23. Kwa lugha ya kawaida, upanuzi uko kati ya kilomita za mraba 98 na 144. Olofsson na wenzake waliueleza utaratibu huu kwa kina mwaka 2014, na hauhitaji programu maalumu. Karatasi ya hesabu ya kawaida inatosha. Ugumu wake uko kwenye miguu: pointi 500 lazima zihakikiwe, na pointi za nasibu hazichagui kuangukia kandokando ya barabara.

Jambo hilo la miguu linastahili maneno machache zaidi, kwa sababu vishawishi vya kulikwepa ni vingi. Wapo wanaohakiki ramani kwa pointi zilezile walizotumia kuifundisha kompyuta, na hapo usahihi hupanda bila sababu ya kweli. Wapo wanaochagua pointi palipo rahisi kufika. Na wapo wanaofika lakini wasijitambulishe kwa viongozi wa mtaa, wakaishia kukimbiwa au kufukuzwa. Katika jiji ambalo alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani inajulikana maana yake, mtu mwenye kifaa cha GPS na karatasi hapokewi kwa furaha. Swali la kwanza aliloulizwa mwandishi katika mtaa mmoja ulio karibu na bonde lilikuwa “Mmekuja kuhesabu nyumba za kubomoa?” Mjumbe wa shina alihitaji karibu nusu saa kuwaeleza majirani zake kwamba sivyo. Swali lile lilikuwa la haki, kwa maana ramani ya ardhi iliyojengwa ndani ya bonde linalofurika inaweza kutumika kupeleka tahadhari ya mafuriko, na inaweza vilevile kutumika kuhalalisha bomoabomoa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, matumizi hayo mawili si ya kudhania tena. Mtafiti anayetoa pikseli za makazi kwa ubainifu wa nyumba moja moja anapaswa kuamua mapema atazichapisha kwa ukubwa gani.

Kwa upande wa data za kuhakikia, Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora nyumba, mifereji na njia za kata nyingi, kwa msaada wa picha za droni. Data hizo ziko wazi kwa umma. Zinahitaji kutazamwa tarehe zake kwa makini, kwa kuwa kata iliyochorwa vizuri mwaka 2016 haihakiki ramani ya mwaka 2023.

6.0 Mpaka wa mji

Hata eneo likikadiriwa vizuri, takwimu inaweza kupotosha kwa sababu ya mpaka uliozungushiwa. Malengo ya Maendeleo Endelevu yana kiashiria namba 11.3.1, kinacholinganisha kasi ya ongezeko la ardhi iliyojengwa na kasi ya ongezeko la watu. Uwiano ukizidi moja, mji unatafuna ardhi haraka kuliko unavyoongeza watu. Kiashiria hiki huvutia kwa wepesi wake. Lakini ardhi huhesabiwa kwa picha, ambayo haijui mipaka ya utawala, na watu huhesabiwa kwa sensa, ambayo huifuata.

Mkoa wa Dar es Salaam una ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,393. Kati ya mwaka 2012 na 2022 watu wake waliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka. Katika kipindi hichohicho Mkoa wa Pwani, unaouzunguka upande wote wa nchi kavu, ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, sawa na asilimia 6.1 kwa mwaka. Si ongezeko lote hilo ni la watu wa jiji waliovuka mpaka. Pwani ni mkoa mpana, wenye Rufiji na Mafia ndani yake. Hata hivyo, anayesafiri kwa barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, au kwa barabara ya Kilwa kupita Mbagala kuelekea Mkuranga, hupita nyumba kwa nyumba pasipo kuona mahali jiji linapokoma.

Mtafiti anayetumia mpaka wa mkoa atapata kasi ya watu ya asilimia 2.1. Anayeijumlisha mikoa miwili atapata asilimia 3.0, kwa kuwa jumla ya watu ilitoka 5,463,209 hadi 7,408,675. Lakini atakuwa ameingiza vijiji visivyohusika na jiji kwa namna yoyote. Ipo njia ya tatu, iliyoidhinishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2020: nchi hugawanywa katika miraba ya kilomita moja ya mraba, na kituo cha mji huwa ni miraba inayopakana, yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja, na jumla yao isiyopungua 50,000. Kwa fasili hiyo mpaka hufuata watu walipo. Udhaifu wake kwetu ni kwamba watu hugawiwa katika miraba kwa kutegemea ramani za majengo zilezile zinazotokana na setilaiti. Miembe iliyoificha nyumba katika sehemu ya tatu ya makala haya huwaficha pia wakazi wake, na mraba wenye kaya nyingi unaweza kushindwa kufikisha watu 1,500 kwa sababu sehemu ya mabati yake haikuonekana, watu wake wakagawiwa kwa mraba wa jirani. Kwa sababu hiyo, katika utafiti ambao makala haya ni sehemu yake, kiashiria kimekokotolewa kwa mipaka yote mitatu, na matokeo yamewekwa katika jedwali moja, kila safu ikiwa na kiwango chake cha uhakika.